Kompyuta ya Pembeni Pale Steshenari: Windows 2000 Ilivyonifundisha Kusoma Kabla ya Kubonyeza

Wiki moja kabla ya kukabidhi ripoti ya utafiti wa mwaka wa tatu, nilifuta mahojiano ya wanafunzi 24 wa kidato cha kwanza kwa mibofyo mitatu. Nasema nilifuta mimi, kwa sababu kwa siku mbili nzima nilikuwa nawaambia wana pale geto kwamba "kompyuta ya steshenari imenifutia kazi." Huo ulikuwa uongo. Kompyuta iliniuliza, mimi nikajibu ndiyo.

Ilikuwa Sinza Kumekucha, kwenye steshenari ninayoprintia kazi zangu tangu mwaka wa kwanza. Mama mwenye steshenari ana kompyuta mbili. Moja ni ya kisasa kidogo, ndiyo ya kupokelea kazi za WhatsApp na barua pepe, na jioni ile ilikuwa na foleni ya watu sita au saba. Nyingine iko pembeni, jirani na mashine ya fotokopi. Kasha lake lilikuwa la rangi ya maziwa, sasa limekuwa la njano, na imeunganishwa na printa ya sindano inayolia kama cherehani.

"Shikamoo mama. Naomba nitumie hii ya pembeni nikague faili langu wakati nasubiri foleni."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni ya stakabadhi za wateja wangu. Tumia, ila usibonyeze kitu usichokielewa."

Nikachomeka flashi. Likatokea dirisha dogo la kijivu likisema kwa Kiingereza kwamba diski haijafomatiwa, je, nataka kuifomati sasa? Mimi huyo, mtoto wa kizazi cha simu janja, nimezoea kubonyeza "sawa" mara hamsini kwa siku. Nikabonyeza ndiyo. Likaja dirisha la pili, nikachagua ile njia ya haraka, nikabonyeza anza. Likaja la tatu likionya wazi kwamba data zote zitafutika. Hilo sikulisoma kabisa. Nikabonyeza sawa.

Nilipomlalamikia mama, aliniangalia tu akasema, "Mashine hii ninayo muda mrefu haijawahi kunidanganya. Imekuuliza, wewe ndiye uliyejibu."

Neno hilo liliniuma, ndipo nikaamua kuichimba hii kompyuta. Nilichokipata kinatuhusu wengi wetu hapa chuoni, hasa wenye laptopu zilizotumika.

Mfumo endeshi ni nini?

Tuanzie chini ili twende wote. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Kwa sisi wa elimu, mfikirie mwalimu wa taaluma shuleni. Yeye ndiye anayepanga ratiba, nani aingie darasa lipi na saa ngapi, nani atumie maabara, nani asubiri. Bila yeye walimu wawili wangegombania ubao mmoja. Ndani ya kompyuta, Word, printa, flashi na kibodi vyote vinaomba nafasi, na mfumo endeshi ndio unaogawa.

Kompyuta ya mama inaendeshwa na Windows 2000, iliyotolewa rasmi na kampuni ya Microsoft tarehe 17 Februari 2000. Maana yake imenizidi umri.

Watu wengi hudhani Windows zote ni ukoo mmoja: ikaja 95, ikafuata 98, ikafuata 2000. Sivyo. Wakati ule kulikuwa na koo mbili. Ukoo wa kwanza ulikuwa wa majumbani, yaani Windows 95, 98 na Me, zilizojengwa juu ya msingi wa zamani ulioitwa DOS. Ukoo wa pili ulikuwa wa maofisini, ulioitwa NT. Huo uliongozwa na mhandisi Dave Cutler, aliyehamia Microsoft mwaka 1988 akitokea kampuni ya DEC, ambako alikuwa ameshatengeneza mfumo wa kompyuta kubwa za kibiashara ulioitwa VMS. NT ya kwanza, namba 3.1, ilitoka mwaka 1993. NT 4.0 ikafuata mwaka 1996. Windows 2000 ilikuwa iitwe NT 5.0, ila jina likabadilishwa mwaka 1998 kabla haijatoka.

Ilitoka katika matoleo manne. Professional ilikuwa ya kompyuta ya mezani ofisini, ndiyo hiyo ya mama. Server, Advanced Server na Datacenter Server zilikuwa za kuhudumia kompyuta nyingine. Professional iliweza kutumia prosesa mbili, na Datacenter hadi 32. Yote haya yaliendeshwa kwa vifaa ambavyo leo tungevicheka: Professional iliridhika na prosesa ya MHz 133 na kumbukumbu ya MB 64. Windows 11 inadai kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache, yaani mara 64 ya ile.

Kwa nini maofisi yaliipenda

Nilimuuliza fundi mmoja wa siku nyingi kwa nini mtu aitunze mashine hii hadi leo. Nikasoma pia mwenyewe. Sababu ni nyingi, hizi tatu ndizo zilizonigusa.

Ya kwanza ni kwamba programu moja ikifa haizivuti nyingine. Kwenye Windows 98, programu moja ikivurugika ilikuwa rahisi kompyuta nzima kuganda, unazima na kuwasha upya. Ukoo wa NT uliipa kila programu chumba chake chenye ukuta. Ikianguka, inaangukia chumbani mwake.

Ya pili ni kujua nani ni nani. Kwenye Windows 98 ya nyumbani, lile dirisha la kuomba neno la siri ulikuwa ukibonyeza kitufe cha Esc linaondoka na unaingia kama kawaida. Mlango wenye pazia! Windows 2000 ilikuwa na mlango wa kweli. Kuna msimamizi mwenye ruhusa zote, na kuna watumiaji wa kawaida wenye ruhusa zilizopimwa. Kila faili liliweza kuandikiwa nani alisome na nani alibadilishe. Kwenye seva ikaongezwa Active Directory, ambayo ni kama rejista moja ya shule nzima: jina lako likiandikwa mara moja ofisini, unaweza kuketi kwenye kompyuta yoyote ya jengo na ikakutambua.

Ya tatu ni umeme. Windows 2000 iliweza kutumia mpangilio wa diski uitwao NTFS, wenye daftari la kumbukumbu. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili, inaandika kwanza daftarini inachotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inasoma daftari, inamalizia au inarudisha nyuma. Haiokoi kazi ambayo hukuihifadhi, lakini inazuia diski nzima isivurugike. Kwa mji wetu huu, hilo si jambo dogo.

Ukichanganya hayo na kwamba Windows 2000, tofauti na NT 4.0, ilikuja na uwezo kamili wa USB na wa kutambua vifaa vipya yenyewe, unaelewa kwa nini ilikaa. Printa ya sindano ya mama inachomekwa kwenye soketi pana ya pini 25 ambayo laptopu za leo hazina. Na anaihitaji, kwa sababu wateja wake wanataka stakabadhi za nakala tatu zenye karatasi ya kaboni. Printa ya leza haigongi karatasi, kwa hiyo haiwezi kupitisha maandishi hadi nakala ya tatu. Akiitupa kompyuta ile, ameitupa printa, na wateja wa stakabadhi wataondoka nayo.

Hapa kwetu ilikuja vipi

Historia yetu na kompyuta ina mabonde. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini tulikuwa tumeshapoteza muda. Kwa hiyo ofisi nyingi zilipoanza kununua kompyuta kwa wingi, kuelekea na baada ya mwaka 2000, zilikutana na ukoo huu wa NT ukiwa umeshakomaa. Zilipobadilisha mashine, zile za zamani zikashuka mtaani: steshenari, shule, vituo vya kujifunzia kompyuta. Ya mama ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa inahama.

Lugha nayo ilikuwa kikwazo. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nao wakatoa vazi la Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Windows 2000 haikulipata. Maswali yake yote yalibaki ya Kiingereza.

Kwa nini haikuisoma flashi yangu

Sasa turudi kwenye msiba wangu. Flashi ni kama kabati la mafaili. Mafaili yanaweza kupangwa kwa mitindo mbalimbali, na kila mtindo una jina. Windows 2000 inajua mitindo miwili mikubwa: FAT32 na NTFS. Flashi nyingi ndogo huja na FAT32, na zingesomeka bila shida.

Ila FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Mimi nilikuwa nahamisha filamu, nikaona inakataa, nikaibadilisha flashi kuwa exFAT, mtindo mpya unaobeba mafaili makubwa. Mtindo huo ulianza mwaka 2006, ukaingia Windows Vista mwaka 2008, na XP ikaongezewa mwaka 2009. Windows 2000 haikuongezewa kamwe.

Kwa hiyo mashine ilipoitazama flashi yangu, iliona maandishi isiyoyajua. Na angalia ilichosema. Haikusema "sijui kusoma mtindo huu." Ilisema "diski haijafomatiwa," yaani kabati halijapangwa, halina kitu. Ilichukua kutojua kwake ikakuita utupu wa mwenzake.

Hapo nilikaa kimya kidogo, maana utafiti wangu ulikuwa juu ya jambo hilohilo. Niliwahoji watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo ni Kiingereza. Wanakaa kimya. Na nilipokuwa TP nimewahi kusikia, na mara moja nimesema mwenyewe, "Huyu hana kitu kichwani." Kumbe kitu kipo, mimi ndiye sikuwa na njia ya kukisoma.

Habari njema kiasi ni kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kila kitu. Kunachana ukurasa wa yaliyomo na kuandika mpya mtupu. Kurasa za ndani bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana ukifuta kwa bahati mbaya, chomoa flashi palepale na usiweke chochote. Fundi alikaa nayo usiku mmoja na programu ya kurejesha. Mafaili yalirudi bila majina, yamechanganyika kama karatasi zilizopeperushwa na upepo. Mahojiano 17 yalifunguka. Saba hayakufunguka. Shule iko mkoani, boom lilikuwa limeisha, na muda haukuwepo. Nilimweleza supavaiza ukweli, na ripoti yangu imesema 17.

"Muda umeisha" maana yake nini

Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 2000 tarehe 30 Juni 2005, na msaada wote tarehe 13 Julai 2010. Watu husikia hivyo wakadhani kompyuta itazima yenyewe. Haizimi. Ya mama inawaka kila asubuhi. Kinachoisha ni viraka.

Kila mfumo una matundu ambayo watengenezaji hawakuyaona. Yakigunduliwa, kampuni inatoa kiraka. Mfano halisi: tarehe 16 Julai 2003 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja kubwa lililokuwa kwenye Windows 2000 na XP. Siku 26 baadaye, tarehe 11 Agosti, kikasambaa kirusi kilichoitwa Blaster kupitia tundu hilohilo. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote. Kilipita kwenye mtandao kikaingia chenyewe. Aliyeweka kiraka alipona.

Lakini kuweka kiraka hapa kwetu nako kulikuwa na bei. Kifurushi cha mwisho cha marekebisho ya Windows 2000 kilikuwa na zaidi ya MB 100. Kwa intaneti ya simu ya mezani ya kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa nne hata laini isipokatika. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Windows 2000 kufungiwa mlango. Kwa hiyo nikimwona mtu akicheka kwamba steshenari za zamani zilijaa virusi, namuuliza: ungepakua wewe?

Baada ya Julai 2010, tundu jipya likigunduliwa halizibwi tena. Je, mama anakosea kuitumia? Nimefika mahali pa kusema hapana, kwa masharti ambayo yeye mwenyewe anayafuata bila kusoma popote. Kompyuta ile haina intaneti kabisa. Ina kazi moja. Taarifa zake anaziandika pia kwenye daftari la karatasi. Kosa lake moja lilikuwa huruma, kuruhusu mtu kama mimi kuchomeka flashi.

Na laptopu yako je?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa Windows 10 uliisha. Wengi tuna laptopu zilizotumika kutoka Kariakoo au kwa jamaa wa jamaa, na nyingi zina Windows 10. Yaani tumekuwa pale Windows 2000 ilipokuwa mwaka 2010, tofauti ni kwamba sisi tuko kwenye intaneti mchana na usiku, tukiwa na paswedi za mikopo, matokeo na benki.

Fanya hivi. Tazama mfumo wako ni upi kwenye mipangilio. Kama ni Windows 10, angalia prosesa. Kwenye Intel, tazama tarakimu moja au mbili za kwanza baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. Kwa ujumla Windows 11 inapokea rasmi kuanzia kizazi cha nane, na inadai pia kitu kiitwacho TPM 2.0. Kama laptopu yako inafaa, hamia. Kama haifai, kuna mpango wa viraka vya nyongeza wa kujisajili, unaofika hadi 13 Oktoba 2026. Kuna pia Linux, ambayo ni ya bure, bado inapata viraka, na inaendesha mashine za zamani vizuri. Na kama bado hujanunua, usimuulize muuzaji "ina GB ngapi?" peke yake. Muulize ni kizazi cha ngapi. Muuzaji akikujibu "hii ni kali sana kaka," hajajibu swali.

Juu ya yote, weka nakala tatu za kazi yako: moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja kwenye barua pepe yako. Hilo halihitaji fundi wala boom.

Nilirudi Kumekucha wiki iliyopita kuprinti ripoti ya mwisho. Kwenye ile kompyuta ya pembeni, mama amebandika karatasi kwa selotepu: HAKUNA FLASHI. Nikamwambia nimeandika makala kuhusu mashine yake. Akauliza kama nimesema kwamba mimi ndiye niliyebonyeza.

Nikamwambia ndiyo mama, nimesema, tena mwanzoni kabisa.